Kompyuta Niliyomchagulia Redempta

Pito, Sumbawanga
28 Machi 2004, Jumapili ya tano ya Kwaresima

Mdogo wangu Baltazari,

Marahaba. Nazijibu shikamoo zako tatu kwa pamoja, ya Krismasi, ya mwezi wa pili, na ile uliyompa padri aniletee kwa mdomo, maana sikujibu hata moja na najua umenuna. Umenuna kwa haki. Sasa kaa kitako usome.

Goti lako linaendeleaje? Wifi yangu Josefina aliandika kwamba bado unapanda paani kuziba mabati kama kijana anayetafuta mchumba. Baltazari, una miaka sitini na tatu na pensheni ya reli. Shuka huko juu. Ukianguka huko Tabora hakuna atakayejua wewe ni mtoto wa nani, wataona mzee mmoja kaanguka, basi. Na huyo Basil mwanao aache kusimama chini akikushikia ngazi. Apande yeye, ushike wewe.

Mimi ni mzima. Mgongo unaniuma asubuhi, jua likipanda unaniachia. Baridi ya huku unaijua, haijabadilika tangu uondoke. Mvua zimekuwa nzuri. Mahindi yamebeba, ulezi umeanza kutoa vichwa, na intumba za mwaka huu, vile vichuguu vyetu vya kufukia majani shambani, tumeshazipiga, mimi na jirani yangu Luciana, majani yanaoza vizuri ndani yake. Kwa upande wa shamba sina la kulalamika.

Utaona mwandiko huu siyo ule uliouzoea. Ule ulikuwa wa mjukuu wetu Redempta. Huu ni wangu, nilioupata shule ya ngumbaru mwaka sabini na nne, na tangu hapo umeandika jina langu tu na orodha ya vitu vya dukani. Mistari ikipanda mlima na kushuka, wewe ifuate. Nimeanza barua hii Alhamisi. Barua hii nisingeweza kumwambia Redempta aniandikie.

Habari yenyewe ni ile kompyuta. Nitaanzia mwanzo, hata kama unaujua, kwa sababu mwanzo unaoujua wewe ni ule niliokuandikia mimi.

Redempta alipomaliza mafunzo ya ukarani kwa masista, alikaa hapa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Ofisi zikimwona na mkongojo wake zinamwambia nafasi imejaa. Mguu wake wa kushoto unaujua ulivyo tangu utotoni, lakini mikono yake inaandika mashine kuliko hao waliojaa. Ndipo wakaja watu wa chama cha wakulima wa ulezi kule Mwimbi. Mwenyekiti wao anaitwa Amos, mtu wa maneno machache. Alieleza kwamba siku hizi ushirika umekufa, kila mnunuzi anakuja na lori lake na mizani yake mwenyewe, anampunja mmoja mmoja. Wao wanataka kuuza pamoja, na kila mkulima awe ameandikwa, jina, shamba na magunia. Wanataka karani mwenye kompyuta yake, kwa sababu chama hakina. Kwa kuanzia angeandika hapa nyumbani, wakimletea karatasi. Akiweza, wangempa chumba Matai, awe anatoka hapo kwenda vijijini kuandika watu walikokaa.

Redempta alikuandikia mwenyewe kukuomba, mimi sikumtuma. Na wewe ukatoa kwenye kiinua mgongo chako, Mungu akurudishie. Kwenye barua yako ulisema, dada, ziko mbili. Iko ile mpya, nzuri, ya bei kubwa, na ziko kuukuu zinazotoka Ulaya, bei yake ndogo. Ulisema hela uliyotuma inatosha ile nzuri, ila mimi ndiye niko hapo, niangalie mwenyewe kwa macho yangu, kwa kuwa ni ya matumizi ya nyumbani. Nimeyasoma maneno yako hayo mara nyingi kuliko sala ya malaika.

Wiki hela ilipofika, Redempta alikuwa Mwimbi kwenye mkutano wa chama. Nikaenda mjini peke yangu. Ningeweza kumsubiri siku tatu. Sikumsubiri.

Kuna duka karibu na stendi, la kijana anaitwa Nyanda. Baba yake, mzee Limbu, ni katika wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kule bondeni. Unakumbuka tulivyopanga foleni ya sabuni ya mche, siku ya kupata kipande unatembea nacho kama umeshika ekaristi? Sasa ingia duka la Nyanda uone. Redio, pasi, saa za ukutani, simu za mkononi, kila kitu kinameta, na nusu yake ni feki. Watu wa hapa tumeshaibiwa sana na vitu vinavyometa.

Nyanda akaniamkia vizuri, akafuta meza kwa mkono wa shati lake, akaniwekea kompyuta mbili za kukunja. Ile mpya ilikuwa nyembamba, rangi ya sufuria mpya. Akaniambia, Bibi shika, usiogope. Nikaishika. Baltazari, ilikuwa nyepesi kama ungo. Akasema hii inakula umeme, ikishiba unaichomoa, inafanya kazi saa nne bila waya, hata porini. Ile ya pili ilikuwa nyeusi, nene kama tofali la kuchoma, nikaiinua kwa mikono miwili. Akasema hii betri yake imekufa, inaishi kwa waya tu, ukichomoa inazima hapohapo na ulichoandika kinaweza kupotea.

Nikazigonga zote mbili kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama babu yetu mfua chuma alivyokuwa anagonga jembe kabla hajamkabidhi mtu. Ile nyepesi ililia kama kopo. Nzito ikanyamaza vizuri. Mama mmoja aliyekuwa akinunua kanda ya nyimbo akaanza kucheka, akaniambia, mama mkubwa, hilo siyo jembe, hulimii. Nikamwambia yeye anayelima kwa kanda shamba lake liko wapi. Watu wakacheka wote, na mimi nikajiona mkubwa pale dukani.

Nikasema nachukua nzito. Nyanda hakucheka. Akaniambia, Bibi, mimi ndiye ninayeuza, na hiyo imenikalia hapa miezi minane, ningefurahi iondoke. Lakini nakwambia usiichukue. Hapo ndipo nikamtolea maneno mabaya. Nikamwambia anataka kunikamua kwa sababu ameniona mzee. Nikamwambia arudi bondeni akachunge, kompyuta ameijulia wapi. Akainama akaifunga kwenye boksi, akanihesabia chenji yangu yote, akaniitia dereva wa baiskeli anibebee mpaka Pito.

Redempta aliporudi aliikuta mezani, nimeifunika kwa kitambaa cha altare cha zamani ambacho padri alinipa. Akafunua. Aliizunguka mara moja, akaangalia waya, akaangalia nyuma. Akasema ahsante Bibi. Basi. Nilitegemea atasema lingine, hata kunilaumu, na mimi nilikuwa na majibu tayari mdomoni.

Jumapili ile nikamwambia akuandikie barua ya shukrani. Nikamwambia, andika tumenunua ile nzuri. Kalamu ikasimama. Akaniuliza, Bibi, niandike nzuri? Nikamjibu kwa ukali, kwani mbaya? Akaandika. Ndiyo barua uliyopata Krismasi. Maneno yangu, mkono wake, na wewe ukaamini mkono.

Miezi miwili alifanya kazi pale ukutani, penye soketi moja ya nyumba hii, amekaa kwenye kigoda maana waya haufiki mezani. Umeme wetu unaujua. Alikuwa anaandika majina arobaini, unakatika, anabaki kukitazama kioo cheusi. Unarudi, anaanza upya. Sikumsikia hata siku moja akilaani. Mimi nilikuwa nikipita na kapu langu nikamwambia, ndiyo kazi, mwanangu, hata shamba hupaliliwa mara mbili. Fikiria mtu wa kusema hivyo!

Hata hivyo alimaliza, na Amos aliridhika na kazi. Akasema sasa aje Mwimbi aandike watu mbele yao, wajumbe wote wawepo, ili wasadiki kwamba magunia yao hayapunguzwi njiani. Mwimbi pale kijijini umeme haujafika. Redempta alijua. Sijui alifikiria nini. Labda jenereta, maana alisikia shule ina jenereta. Aliifunga ile nzito mgongoni kwa kanga yangu, kama mtoto, akashika mkongojo, akapanda fuso alfajiri na mapema. Mimi nilimfungia fundo la kanga mwenyewe. Nililiona bega lake linavyoshuka upande mmoja.

Alirudi siku ya pili yake mchana. Kanga ilikuwa imemkata begani mpaka damu imeganda. Hakunisimulia yeye, nilisimuliwa na binti wa Luciana aliyekuwa fuso hilohilo. Jenereta la shule lilikuwa limekufa tangu mwaka juzi. Watu zaidi ya mia walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wazee kwa kina mama, wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja anataka kuona jina lake linavyoingia kwenye kioo. Redempta akaiweka mezani, akaifungua, na kitu hakikuwaka. Vijana wakaanza kumtania, dada, piga stati ya mkono. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama huyu ndiye waliyeambiwa atawalindia magunia. Amos akawanyamazisha, akamwambia kwa upole kwamba wanamtaka, lakini wajumbe wanampa muda mpaka Pasaka ipite. Akija na mashine inayowaka mbali na ukuta, kazi na chumba cha Matai ni vyake. Asipokuja, watamchukua kijana wa mjini aliyekwisha kuomba.

Nilimkanda bega kwa maji ya moto. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Nilitaka anitukane. Akasema, Bibi, usijitese, hukujua. Wewe umelelewa na wafua chuma, kwenu kizito ndicho kizuri, ungejuaje? Akacheka kidogo. Na kesho yake nikamsikia nje anamweleza Luciana hivyohivyo, kwamba Bibi yangu hakujua, msimcheke, alinunua kwa nia njema.

Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne nikaenda kwa Nyanda. Ile nyepesi ilikuwepo bado, nani wa kuinunua hapa. Mzee Limbu naye alikuwepo, amekaa kwenye kreti ya soda. Nikamwamkia yeye kwanza, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi mwanawe kwa maneno ya siku ile. Mzee akaniambia maneno hayo yalimfikia na yeye, na kwamba yeye hajui kompyuta kweli, ila kuchunga anajua, na hajaona ubaya wake. Nikasema hata mimi sijauona.

Nyanda alikubali kuipokea nzito kwa bei pungufu, na chenji yako sikuwa nimeila, ilikuwa ndani ya kopo la maziwa. Bado haikutosha. Nikatoa maksai. Yule mwekundu, wa kulia. Mzee Limbu akaja mwenyewe hapa Pito, akamfungua mdomo, akamkandakanda shingo ilipo nira, akaniuliza mwenzake atalima na nani. Nikamwambia hilo shauri langu. Akasema masika yajayo nikikwama nimpelekee ujumbe, ana maksai wengi. Baltazari, usinitumie hela ya ng'ombe. Ukituma nitakurudishia kwa posta hiyohiyo.

Kwa hiyo kompyuta ile uliyoitaka wewe iko hapa sasa, ndani ya mfuko wake, na Redempta anaondoka nayo Jumanne kwenda Matai. Tangu juzi anaimba jikoni. Ungeweza kusema mambo yameisha.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu, hata padri, naye anakaa kwenye kitubio Kwaresima nzima akitungoja.

Sikudanganywa na uzito. Mimi ni mjukuu wa fundi wa malungu, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, nimeyaona kwa macho yangu, lakini siyo mjinga wa kutojua kwamba kompyuta siyo chuma cha jembe. Siku ile dukani, kabla sijagonga chochote, Nyanda aliniuliza swali moja ambalo nimeliruka hapo juu kwa makusudi. Aliniuliza, Bibi, huyo mjukuu wako atakaa nayo sehemu moja au atatembea nayo? Akanieleza taratibu, mara mbili, kwamba kama anatembea, nzito haitamfaa kamwe, na kama anakaa, basi anaweza kuvumilia. Nilielewa. Nilielewa siku ile kama ninavyoelewa leo. Niliiona kwa mawazo ile nyepesi imekaa mgongoni kwa Redempta kama si kitu, nikamwona anapanda gari la Matai bila kuhitaji mtu wa kumshika, na mlango wa gari unafungwa.

Nikamjibu Nyanda, anakaa.

Nikanyamaza kuhusu mkongojo. Halafu ndipo nikaanza kugonga, watu wanione. Na maneno yako nikayashika kama cheti cha serikali, matumizi ya nyumbani, matumizi ya nyumbani. Nikajiambia Baltazari mwenyewe kasema. Nilinunua kitu cha kukaa nyumbani ili anayekitumia naye akae.

Mwanangu Angela alipofariki aliniachia Redempta ana miaka mitatu, mguu umeshalegea. Nimembeba mgongoni kwenda shule mpaka darasa la pili, na wenzake walipomtania niliwafukuza kwa fimbo. Nilijiambia namlinda. Nani atamchotea maji Matai, nani atamshika kwenye utelezi. Uongo mtupu. Anajichotea maji tangu ana miaka tisa, na kwenye utelezi ni yeye anayenishika mimi. Aliyekuwa anaogopa ni mimi, Leonia. Nyumba ikiwa na mtu mmoja hata wa kumgombeza hupati. Nimezika mume, nimezika binti, wewe ulipanda treni ukiwa na miaka kumi na tisa, na nikasema huyu mmoja hapana.

Nilimfunga mtoto ukutani kwa waya, Baltazari. Nikamfunga na kanga nikimtazama bega linashuka, nikajua haitawaka kule Mwimbi, nikamwambia safari njema. Na yeye ananitetea kwa majirani kwamba sikujua.

Kosa la kutojua ameshanisamehe. Hili sijamwomba. Kila akiniamkia shikamoo Bibi, naitikia marahaba kama mtu anayepokea kitu cha mwenzake. Nilidhani maksai atanilipia. Maksai amelipa kompyuta tu.

Wewe usiniandikie maneno ya kunifariji, sipendi. Nikemee kama unaweza, ingawa wewe ni mdogo, kwa hili nakupa ruhusa. Na kama umekasirika kwa kudanganywa Krismasi, kasirika kwa mwezi mmoja, halafu acha, maana presha yako si ya mchezo.

Nisalimie sana wifi yangu Josefina, mwambie mbegu za maharage alizotaka nitampa mtu anayekuja huko baada ya Pasaka. Msalimie Basil na mkewe na watoto. Luciana anakusalimu, anasema bado unamdai ngoma ya harusi yake, sijui maana yake na sitaki kujua. Kaburi la mama nimelipalilia. Sali kwa ajili yangu Ijumaa Kuu, na mimi nitafika kitubioni kabla ya hapo, nikishamwambia anayestahili kuambiwa kwanza.

Ni mimi dada yako,
Leonia

Redempta, barua hii nakupa uipeleke posta ya Matai, na sikuifunga. Najua unavyopenda kusoma. Soma yote, hata pale mwandiko ulipoharibika. Ukimaliza ifunge, uitume kwa babu yako ilivyo, usisahihishe kitu. Usirudi kwa ajili ya kunijibu, una watu zaidi ya mia wanakusubiri. Ukiwa tayari kuniamkia tena, nitakuwepo.